Mke Aliyetangulia Fungate

"Mke wake ameshafika, mama. Anauliza mumewe anakuja lini."

Dobi alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, mikono yote miwili imeshika shuka la mteja. Aliliachia shuka likaanguka kwenye beseni, povu likamrukia usoni. Hakujifuta.

"Rudia hapo," alisema.

"Nasema hivi, mke wa Fundi Saa ameshaingia chumbani. Chumba ni cha kuanzia Jumamosi, lakini amefika jana saa nane mchana. Amesema yeye ametangulia, mumewe atamkuta. Sasa jikoni wanataka kujua huyo bwana anakuja lini. Hii ndiyo namba tuliyoachiwa."

"Kaka, mke wa Fundi Saa ni mimi."

Upande wa pili karatasi zilifunuliwa haraka haraka.

"Wewe?"

"Mimi hapa. Ndoa ina miezi mitano. Picha zipo, mashahidi wapo, na shangazi yangu aliyecheza mpaka kiatu kikakatika kisigino naye yupo. Namba hiyo niliiacha mimi wiki iliyopita nilipopiga kuulizia chumba. Sasa huyo mke mwingine katokea wapi?"

"Mama, mimi ni mhudumu wa mapokezi tu, usinigombeze. Ngoja nikamgongee nimuulize vizuri."

Dobi akasikia viatu vikitembea kwenye sakafu ndefu, kisha mlango ukigongwa mara tatu. Mtu akajibu kutoka ndani. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, ya upole, na nyuma yake maji yalikuwa yakimwagika. Viatu vikarudi, safari hii mbiombio.

"Mama, upo? Amesema msiwe na haraka. Amesema amesubiri sana, siku tatu hazimshindi."

Simu ikakatika. Pale pale kwenye jua la saa nne asubuhi, vinyweleo vilimsimama Dobi mwili mzima.

Sasa jamani, kabla hamjamhukumu mtu, niwape habari za huyu Dobi. Alikuwa na banda lake la kufulia, masinki manne ya saruji, kamba za kuanikia kutoka ukuta mpaka ukuta, na mdomo usiolala. Kila nguo iliyoingia pale aliipiga alama ya uzi kwenye pindo la ndani ili isipotee. Uzi mwekundu wa mwalimu, wa njano wa mwenye duka la dawa, na wa kijani ulikuwa wake mwenyewe, wa nguo za nyumbani kwake tu. Mumewe, Fundi Saa, alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa mtaa wa pili. Mwembamba, mpole, maneno ya kuhesabu. Walipendana kwa ajili ya mfuko wa shati. Kila Jumatatu Dobi alikuta skrubu ndogondogo mfukoni mwake, na kila Jumatatu alimpelekea, mpaka siku aliyomwambia, "Ama uache kunitumia barua za chuma, ama uje unichumbie." Akaja kuchumbia.

Tatizo lilikuwa moja tu. Fungate.

Baada ya harusi Fundi alisema wasubiri kidogo, saa kubwa ya stesheni imeharibika. Saa ya stesheni ikapona, akasema mvua. Mvua ikakatika, akasema jicho linamuuma. Jicho likapona, akasema vipuri vinakuja. Kila mara Dobi alikuwa tayari. Sanduku lake lilikuwa limefungwa kwa kufuli tangu wiki ya harusi, na ndani yake, juu kabisa, lilikuwapo gauni la kulalia jeupe alilolishona kwa mkono wake kwa ajili ya usiku wa kwanza wa safari yao, na uzi wa kijani kwenye pindo. Ufunguo wa kufuli aliuvaa shingoni.

Wiki iliyopita, akimpangia mumewe droo ya mikanda ya saa, alikuta kadi ya nyumba ya wageni iliyoko kilimani. Kadi imechakaa pembe kwa kushikwashikwa. Moyo ukamjaa furaha. Kumbe mume wangu anawaza kunipeleka huku! Akapiga simu kimyakimya ili amfanyie mshtukizo. Mshtukizo wenyewe ndio huu uliomrudia.

"Shoga, mbona umekuwa hivyo?"

Huyo alikuwa Mpiga Pasi, mwenzake pale bandani, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa. Asubuhi hiyo walikuwa wamenuniana. Mpiga Pasi aliazima gauni la njano la Dobi akaenda nalo shereheni, akalirudisha na jasho na doa la mchuzi. Dobi akamwambia, "Mwanamke anayejiheshimu akiazima nguo anairudisha imefuliwa." Mpiga Pasi akamjibu, "Na wewe si dobi? Fua." Lakini habari kama hii ilimaliza ugomvi wote. Dobi alimsimulia.

"Ana mchepuko!" Mpiga Pasi aliweka pasi chini. "Wanaume wapole ndio hao! Kwanza amempangisha hotelini. Shoga, vaa viatu."

Dobi alikuwa ameshavaa.

Kibandani kwa Fundi saa zilijaa ukuta mzima, kubwa kwa ndogo, zote zikigonga. Yeye mwenyewe alikuwa ameinamia saa ya mkono ya mtu, ameibana jichoni ile lenzi yake ndogo nyeusi.

"Mke wangu! Leo umekuja mapema. Umekula?"

"Nani yuko kwenye nyumba ya wageni ya kilimani?"

Lenzi ilimdondoka jichoni, ikabingirika mezani mpaka chini. Hakuiokota.

"Umepajulia wapi?"

"Nimeuliza mimi kwanza."

"Nani kakwambia kuna mtu?"

"Mhudumu wa mapokezi. Kanipigia simu sasa hivi. Mkeo ameshaingia chumbani, anakungoja."

Fundi alijishika kwenye ukingo wa meza. Uso wake ulipauka mpaka Dobi, pamoja na hasira zote, akataka kumletea maji.

"Namba sita?" aliuliza.

"Sikutaja namba, Fundi."

Saa zote zikaendelea kugonga.

"Una mwanamke?"

"Sina."

"Niangalie machoni uniambie."

Alimwangalia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mke wangu, naapa. Sina mwanamke mwingine yeyote duniani."

Baadaye sana Dobi alilikumbuka hilo neno la mwisho. Siku ile hakulitilia maanani.

"Basi Jumamosi tunakwenda pamoja, tumwone huyo anayejiita mkeo."

"Hapana. Hapana, tafadhali. Tungoje kidogo. Mwezi ujao mambo yatakuwa—"

"Usimalizie!" Dobi aligonga meza kwa kiganja, saa ya mtu ikaruka. "Usinimalizie hiyo sentensi!"

Akatoka. Njiani simu yake ikalia, ujumbe.

"Nipe mpaka mwezi ujao, nitakueleza kila kitu. Nakupenda."

Akamjibu akiwa anatembea, "Mwezi ujao uliniambia mwezi uliopita."

Kesho yake, Alhamisi, alikwenda kwa mama mkwe. Alimkuta uani, sinia la maharage mapajani, anachambua. Alimwamkia, akajibiwa vizuri, akavutiwa kigoda. Mama mkwe alimpenda, hilo halikuwa na ubishi.

"Mbona macho yamevimba, mwanangu? Mmegombana?"

"Mama, mwanao aliwahi kuoa kabla yangu?"

Vidole vya mama mkwe vilisimama katikati ya maharage.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Hilo ndilo linaloniuma."

Mama mkwe aliweka sinia chini. Alijifuta mikono polepole kwa upindo wa nguo yake, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Kosa ni langu. Yeye alitaka kukwambia, mimi nikamkataza. Kabla yako alichumbia wawili, wote waliposikia alifiwa na bibi harusi wakakimbia, wakasema ana mkosi. Ulipokuja wewe, na kucheka kwako huko, nikaona Mungu amenirudishia mwanangu. Nikasema huyu hapana, huyu sitaki akimbie."

"Alikuwa nani?"

"Karani wa posta. Msichana wa mwandiko mzuri, herufi zake zilikuwa na mikia mirefu, mtu ungependa kupokea bili ikiwa ameiandika yeye. Wakaoana, wakapanga fungate kule kilimani. Ikawa kesho. Kesho, kazi. Kesho, saa ya stesheni imekufa. Mara sita alimwahirishia, na mara zote sita yule mtoto alikuwa ameketi sebuleni juu ya sanduku lake amevaa viatu. Siku ya kumi na tisa ya ndoa homa ikampanda. Asubuhi hiyo ndiyo hatimaye walipaswa kusafiri."

Dobi alisogeza kigoda karibu.

"Nilikuwapo mimi. Nilimshika mkono. Hakulia. Alimtazama mume wake, akamwambia, 'Basi mimi natangulia. Wewe utanikuta.' Tukadhani ni homa inasema."

Joto lote la mchana lilimtoka Dobi mwilini. Alijikuta anashika ufunguo shingoni mwake.

"Mama, rudia. Alisemaje?"

"Natangulia. Utanikuta."

Jioni hiyo jua lilikuwa bado liko dirishani Dobi alipomkalisha mumewe kwenye kochi. Alimwekea chai. Alimkasirikia kweli, lakini chai alimwekea.

"Mama ameniambia. Sasa nataka kusikia kwako."

Fundi aliongea akiangalia kikombe. Na alipoanza, mtu huyu wa maneno ya kuhesabu, hakuweza kunyamaza. Alisema aliogopa. Alisema kila alipopanga kumwambia, alimwona akicheka, akasema kesho.

"Na chumba?"

"Sikukifuta kamwe."

"Hukufuta nini?"

"Nafasi yetu. Jina langu na jina lake. Baada ya mazishi nilipiga simu nifute, nikashindwa kulitamka neno. Niliona kama namzika mara ya pili. Nikamwambia mhudumu, tuisogeze mwakani. Na mwaka uliofuata nikasogeza tena. Kila mwaka, mwezi huuhuu, nampigia, nasema mke wangu na mimi hatujawa tayari. Miaka sita."

"Miaka sita unamwambia kesho maiti."

Alipolisema hilo Dobi mwenyewe alisikia baridi. Halafu akakumbuka jambo, na baridi ikawa barafu.

"Fundi. Mwaka huu umeshapiga?"

"Bado. Nilikuwa nipige wiki hii."

"Nimepiga mimi." Sauti ilimtoka nyembamba. "Nilitaja jina lako tu, nikasema unataka kuja na mkeo. Mhudumu akaniambia anaona nafasi yako kwenye daftari, inasogezwa kila mwaka, aithibitishe hiyohiyo au aandike mpya? Nikafurahi. Nikadhani miaka yote hiyo ulikuwa unawaza tu safari ukikosa wa kwenda naye. Nikamwambia thibitisha hiyohiyo. Nikamwambia aandike kwamba safari hii hakuna kuahirisha, mke wa Fundi anakuja kwa hakika."

Wakatazamana. Hakuna aliyegusa chai.

"Nimemwalika mimi," Dobi alisema.

"Tusiende," Fundi alinong'ona. "Mke wangu, nakuomba. Tusubiri huu mwezi upite. Atachoka, ataondoka. Tutakwenda kwingine, mwezi ujao, naapa—"

"Unaona?" Dobi alisimama. Alikuwa analia sasa, na hakujificha. "Unaona unavyofanya? Ulimfanyia yeye, na mimi unanifanyia vilevile. Tofauti yetu ni kwamba mimi bado nina pumzi. Nisikilize, Fundi. Nakupenda mpaka najichukia. Lakini siwezi kuketi juu ya sanduku maisha yangu yote. Basi la Jumamosi linaondoka saa nne asubuhi. Ukipanda, tumeoana. Usipopanda, nitakwenda peke yangu, nitagonga ule mlango, nitamwambia mwenzangu na mimi nimechoka kungoja, halafu narudi kwa shangazi yangu."

Jumamosi saa nne kasorobo Dobi alikuwa kwenye kiti cha dirishani, sanduku lake miguuni. Dereva akawasha injini. Saa nne kamili ikafika. Dobi akajiambia asitazame nje, akatazama. Hakukuwa na mtu. Basi likaanza kurudi nyuma.

Ndipo mkono ukapiga bati la mlango, pa, pa, pa, na konda akapiga kelele, "Shikilia, dereva, kuna mzee anakimbia!"

Hakuwa mzee. Alikuwa Fundi Saa, shati nje ya suruali, hana hata begi, amechelewa kwa dakika moja, yeye ambaye maisha yake yote ni saa. Aliketi kando ya mkewe akihema. Hawakuzungumza safari nzima, lakini Dobi alimpa kitambaa cha kujifuta jasho.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya ghorofa moja, safi, maua yamepangwa kwenye makopo ya rangi. Mhudumu wa mapokezi, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwatazama wawili, akatazama mlango nyuma yao kuona kama kuna wa tatu.

"Mimi ndiye Fundi Saa."

"Ah! Afadhali bwana umekuja. Mkeo..." Akamwangalia Dobi, akajikuna shingo. "Huyu bibi wa namba sita."

"Yukoje?" Dobi aliuliza.

"Hana tabu. Anaagiza chai ya watu wawili, kikombe kimoja kinarudi kitupu, kingine kinarudi kimejaa. Anaoga sana. Maji hayaachi kutiririka."

"Nimeuliza yukoje. Sura."

Mhudumu alifungua mdomo, akaufunga. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mama, ajabu ni hiyo. Nimempokea mwenyewe, nimempa ufunguo mkononi, mkono wake ulikuwa wa baridi, nikamwambia pole na safari. Lakini uso... Naulizwa hapa naona siukumbuki. Jana nimekesha nauwaza."

"Tuonyeshe daftari."

Alilifungua. Mistari sita ilikuwa ya mwaka baada ya mwaka, mwandiko wa wahudumu mbalimbali, yote na neno moja kwenye safu ya mwisho: imeahirishwa. Mstari wa saba ulikuwa wa Jumanne. Haukuandikwa na mhudumu. Herufi zilikuwa nzuri, zimeinama kidogo, zina mikia mirefu inayoshuka mpaka kwenye mstari wa chini.

Fundi aliweka kidole juu ya mwandiko ule. Wino ukamshika kidoleni. Ulikuwa bado mbichi.

"Ni wake," alisema.

Walipanda ngazi. Korido ilikuwa na mwanga wa mchana, dirisha wazi mwisho wake, pazia limetulia tuli. Kwenye mlango wa sita walisikia maji. Mtu alikuwa anaoga ndani, taratibu, maji yanamwagika, yanatulia, yanamwagika.

"Gonga," Dobi alisema.

"Gonga wewe."

"Mimi sikumwambia kesho. Gonga."

Aligonga. Mlango haukuwa umefungwa, ukasogea wenyewe. Kitandani shuka lilikuwa limelaliwa upande mmoja, mto mmoja umebonyea, mwingine haujaguswa. Mezani vikombe viwili, kimoja kimejaa. Mlango wa bafu ulikuwa umerudishwa, na nyuma yake maji.

Fundi alisimama katikati ya chumba. Mikono yake, ile mikono inayoshika skrubu ndogo kuliko chawa, ilikuwa inatetemeka. Dobi alimwona anageuza shingo kutazama mlango wa kutokea. Akajua. Anataka kusema kesho.

"Niko hapa nyuma yako," alimwambia. "Lakini sitasema kwa niaba yako."

Fundi alivuta pumzi.

"Ni mimi," aliuambia mlango wa bafu. "Nimechelewa. Najua nimechelewa. Nilikuacha juu ya sanduku mara sita kwa ajili ya saa za watu, na hata leo sikumbuki saa zenyewe zilikuwa za nani. Ulipolala nikashindwa kukuaga. Nikawa nakudanganya kwenye simu, mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa nilidhani nisipofuta, basi hukufa." Sauti ilimkatika, akaendelea nayo hivyohivyo. "Ulikufa. Nisamehe. Nilikupenda, na sitakuja. Usiningoje tena, mama. Nina mke. Yuko hapa nyuma yangu, na yeye nimemngojesha. Leo siahirishi. Leo nafuta."

Maji yakaacha.

Hayakupungua kidogo kidogo. Yalifungwa. Walisikia koki ikikazwa, mzunguko mmoja, wa pili. Halafu kimya cha mtu aliyesimama anasikiliza. Dobi alimshika mumewe mkono, na hakujua ni nani kati yao anayemshikilia mwenzake.

Mlango wa bafu ukafunguka taratibu. Hakutoka mtu.

Ila sakafuni, juu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa, unyayo wa maji ulitokea. Kisha wa pili. Unyayo mdogo, wa mwanamke. Zilikuja hatua moja moja mpaka mbele ya Fundi, zikasimama hapo kwa muda mrefu. Alifumba macho. Machozi yalikuwa yanamshuka. Halafu nyayo zikamzunguka zikaja mbele ya Dobi, zikasimama tena. Dobi alisikia harufu ya sabuni. Hakurudi nyuma. Miguu yake ilitaka, yeye akakataa.

"Nenda salama, dada," alisema. "Nitamtunza."

Nyayo zikatoka mlangoni. Kwenye korido ile pazia la dirisha lilitikisika mara moja, likatulia.

Ilikuwa ni Dobi aliyeingia bafuni kwanza. Mazoea ya kazi, sakafu yenye maji yeye haiachi. Lakini hakuishika sakafu. Alisimama akitazama kamba iliyofungwa kutoka dirishani hadi ukutani. Juu ya kamba lilikuwa limeanikwa gauni la kulalia jeupe, bado linadondosha maji. Limekamuliwa vizuri, limekung'utwa, mabega yamenyooshwa ili lisikunjamane.

Aligeuza pindo. Uzi wa kijani.

"Fundi. Niletee sanduku langu."

Aliliweka chini. Kufuli lilikuwa palepale, halijaguswa. Dobi alivua ufunguo shingoni, akalifungua. Nguo zote zilikuwa zimepangwa kama alivyozipanga miezi mitano nyuma, isipokuwa juu kabisa, mahali pa gauni, palikuwa na nafasi tupu yenye umbo la gauni.

Fundi aliketi chini pale pale sakafuni.

Mhudumu aliwapokea chini akiwa amesimama nyuma ya meza yake. Ufunguo wa namba sita ulikuwa juu ya daftari, umelowa. Hakuna aliyemwona aliyeuweka.

"Ameondoka?" mhudumu aliuliza.

"Ameondoka," Fundi alisema. Alichukua kalamu mwenyewe, akapiga mstari juu ya jina lake na la yule wa kwanza, mstari mmoja ulionyooka, kutoka mwaka wa kwanza hadi wa saba. Mkono haukutetemeka.

"Na ninyi? Niwaandikie lini? Mwezi ujao kuna nafasi nzuri, mvua zinakuwa zime—"

"Leo," walisema wote wawili kwa pamoja.

"Siku saba," Fundi aliongeza. "Chumba chochote, ila si namba sita."

Walipewa namba tisa, yenye dirisha la upande wa jua. Simu ya Dobi ikalia. Mpiga Pasi.

"Shoga! Umemkuta? Umemng'oa nywele?"

"Nimemkuta. Ni mtu wa heshima zake."

"Nini?"

"Nitakusimulia nikirudi. Na lile gauni langu la njano ulilifue, umenisikia? Kwa mkono wako."

Akakata. Aligeukia mumewe, aliyekuwa ukingoni mwa kitanda akimtazama kwa uoga.

"Usidhani yamekwisha," Dobi alimwambia. "Umenificha, na imeniuma, na itaniuma bado. Siku hizi saba utanisimulia habari zake zote, alivyocheka, alichopenda kula, yote. Sitaki tena kumjua mtu kwa kukuta nyayo zake. Umesikia?"

"Nimesikia. Naanza leo."

"Haya."

Jua lilikausha gauni kabla ya saa kumi na moja jioni. Dobi aliomba pasi kwa mhudumu, akalipiga mwenyewe, mikono, kifua, pindo, uzi wa kijani ukang'aa. Fundi alimtazama kimya mpaka akashindwa.

"Mke wangu, hulichomi moto? Utalivaa kweli?"

Dobi alilinyanyua mbele ya dirisha, akalikagua kwa jicho la kazi, doa hakuliona hata moja. Kisha akalipitisha kichwani, likashuka mwilini, bado lina joto la pasi.

"Nilichomee nini?" alisema. "Limefuliwa."